Sahani ya bluu ya Istanbul na mvutano ulio nyuma yake

Dada yangu anafuata mzigo Istanbul, mashuka na nguo za watoto, anauza Kariakoo, na safari iliyopita akaniletea zawadi, sahani ya ukutani. Bluu imekolea, katikati maua ya tulipu mekundu na majani marefu yaliyopinda kama visu. Akaniambia imechorwa kwa mkono, mwenye duka kamwapia kabisa. Nikamshukuru, nikaenda nayo dirishani kwenye mwanga, nikaisogeza machoni, na pale kwenye ukingo wa ua nikaona vidoti. Vidoti vidogo vidogo vimejipanga mistari kwa mistari, kama picha ya gazeti ukiiangalia kwa karibu sana. Yaani ile ni stika: picha imechapwa mashine kwenye utando mwembamba, ikabandikwa juu ya sahani nyeupe, ikachomwa tanurini. Sikumwambia, maana zawadi ni zawadi. Ila tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu hizi sanaa za Waturuki, na kadiri ninavyosoma naona ile sahani ni sehemu ndogo tu ya jambo kubwa ambalo watu wengi wanalipita juu juu.

Maana watu wakisema sanaa za jadi za Uturuki wanazitaja zote kwa mkupuo. Kuna hat, ule uandishi wa kalamu kwa herufi za Kiarabu. Kuna tezhip, nakshi ya dhahabu inayozunguka maandishi. Kuna ebru, karatasi inayochorewa juu ya maji, kuna picha ndogo za vitabuni, kuna çini yaani vigae na vyombo vya udongo, na mazulia. Ukiviona vyote dukani vimepangwa pamoja utadhani vimeshuka hivyo hivyo kutoka kwa masultani mpaka leo bila kukatika. Havikushuka hivyo. Baadhi yake vilibaki mikononi mwa watu wachache mno, na kila aliyekuja kuviokoa baadaye alikuwa na shida yake, huyu anataka taifa, huyu anataka dini, huyu anataka watalii, na kila mmoja ameviachia alama.

Tuanzie Ayasofya, lile jengo kubwa la kale la Istanbul, maana pale jambo lote unaliona kwa macho. Ukiingia, juu kwenye nguzo kuna mbao nane kubwa za duara, maandishi ya dhahabu juu ya kijani iliyokolea: Allah, Muhammad, makhalifa wanne, Hassan na Hussein. Kila moja ina upana wa kama mita 7.5. Ziliandikwa na Kazasker Mustafa İzzet Efendi katikati ya karne ya 19, wakati jengo lilipokarabatiwa na ndugu wawili wasanifu majengo, akina Fossati. Sasa mwaka 1934 serikali ya Atatürk, mwanzilishi wa jamhuri ya Uturuki, ikaamua msikiti ule ugeuzwe makumbusho. Mbao zikashushwa, wakataka kuzitoa, hazikupita mlangoni! Mlango wowote ule. Zikabaki humo humo ndani zimeegemezwa, miaka ikapita, mpaka 1949 ndio zikapandishwa tena juu. Mwaka 2020 jengo likarudishwa kuwa msikiti, na Januari 2024 ikawekwa tiketi ya euro 25 kwa wageni wanaopanda ghorofa ya juu kutembea, na ukiwa huko juu ndiyo unaziona zile mbao karibu karibu, mpaka unaona kalamu ilipogeuka.

Kwa hiyo katika miaka isiyofika mia maandishi yaleyale yamekuwa ibada, yakawa mzigo wa kuondolewa, yakawa kitu cha makumbusho, yakarudi kuwa ibada na wakati huohuo yakawa kivutio cha kulipiwa. Mwandishi mwenyewe hakubadilisha hata nukta.

Hapa sisi wa Kiswahili tuna faida, maneno mengi tunayajua tayari. Hat yao ni hati yetu. Kalem ni kalamu, icazet ni ijaza, ile ruhusa ya mwalimu kwa mwanafunzi aliyehitimu, üstad ni ustadhi. Na hata kisa chenyewe tumekionja, kwa kiasi chake. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, tenzi za Pate na Lamu zimeandikwa hivyo, pale Siyu watu walinakili misahafu wakaipamba kwa nyeusi, nyekundu na manjano, halafu wakoloni wakatuletea ABC, na leo ukimpa mjukuu barua ya babu yake wa Mvita anaigeuza juu chini hajui aanzie wapi. Sasa chukua hali hiyo uiweke kwenye nchi nzima, kwa miezi miwili.

Miezi miwili kweli. Sheria ya herufi mpya ilipitishwa tarehe 1 Novemba 1928, na kuanzia Januari 1929 vitabu vilitakiwa vichapwe kwa herufi za Kilatini. Sababu za Atatürk zilikuwa na uzito, wasiojua kusoma walikuwa wengi sana na zile herufi za zamani hazikukaa vizuri na irabu za Kituruki, sitaki kulifanya jambo hili kuwa shujaa na shetani. Lakini fikiria mtu ambaye kazi yake ni kuandika. Istanbul ilikuwa ndiyo mji wa kuandika, kuna ule msemo kwamba Qurani ilishuka Makka, ikasomwa Cairo, ikaandikwa Istanbul. Kulikuwa na mnyororo wa walimu tangu Şeyh Hamdullah aliyefariki 1520, akaja Hafız Osman wa karne ya 17, wanafunzi na wanafunzi wa wanafunzi, mnyororo haujakatika. Halafu asubuhi moja kazi hakuna. Hakuna kitabu cha kunakili, hakuna hati ya serikali, hakuna bango la dukani.

Hamid Aytaç ndiye mfano ninaourudia kila mara. Mzaliwa wa Diyarbakır, 1891, mmoja wa waandishi wakubwa wa karne ile, na baada ya 1928 alikula kwa kuchapisha lebo za bidhaa na kadi za biashara kwa herufi mpya. Mkono uliofundishwa miaka na miaka kuandika Bismillahi ukawa unachora lebo. Lakini hakuacha. Msikiti wa Şişli uliojengwa miaka ya 1940 una maandishi yake, na wakati kwao soko limekufa, watu walikuwa wanasafiri kumfuata. Hashim al-Baghdadi wa Iraq, ambaye waandishi wa nchi za Kiarabu wanamheshimu sana mpaka leo, alipewa ijaza na huyuhuyu Hamid. Yaani sanaa ilibanwa nyumbani ikapumulia nje. Hamid alifariki 1982, na miaka minne tu mbele yake, 1986, mashindano ya kwanza ya kimataifa ya uandishi huu yakafanyika kwa jina lake, yameandaliwa na IRCICA, kile kituo cha utamaduni cha nchi za Kiislamu kilichopo Istanbul.

Ebru ilipona kwa njia nyingine, na hii ngoja niieleze vizuri maana ndiyo sanaa ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayochezewa zaidi.

Una trei pana ya kina kifupi. Ndani kuna maji, lakini si maji matupu, yamefanywa mazito kwa gundi ya kichaka, inayoitwa kitre, au kwa mwani, mpaka yanakuwa kama uji mwepesi sana. Rangi ni za udongo na madini, zinasagwa kwa jiwe juu ya marumaru, halafu zinatiwa nyongo ya ng'ombe. Nyongo ndiyo siri yote. Bila nyongo rangi inazama. Ukiitia kidogo rangi inaelea ikiwa kidoti, ukizidisha inatawanyika inasukuma wenzake pembeni, kwa hiyo fundi anapima kwa matone, rangi ya kwanza nyongo kidogo, ya pili zaidi kidogo, kila inayofuata ipate nguvu ya kujitengea nafasi. Brashi ni ya manyoya ya mkia wa farasi yaliyofungwa kwenye kijiti cha mwaridi. Anainyunyiza rangi kwa kuigonga brashi kwenye kidole, tak tak tak, na maji yanajaa mabaka kama jiwe la marumaru. Hapo anaweza kuishia, hiyo inaitwa battal. Au anachukua sindano ndefu anavuta, anazungusha. Kisha karatasi inalazwa taratibu juu ya maji kuanzia upande mmoja ili hewa isibaki chini, sekunde chache tu, inavutwa kwa kuburuzwa kwenye ukingo wa trei, na picha yote imehama. Kwenye maji haibaki ya pili. Huwezi kupata mbili zinazofanana hata ukitaka, ndiyo maana zamani karatasi hizi zilitumika hata kwenye hati za kiserikali, kughushi kunakuwa kugumu.

Sasa yale maua ya tulipu ya ebru unayoyaona kwenye kila skafu na kila mkoba wa watalii, yale unayodhani ni ya masultani. Aliyeyafikisha kwenye umbo hilo ni Necmeddin Okyay, aliyezaliwa 1883 akafariki 1976. Huyu bwana alikuwa imamu, mwandishi wa hati, mlenga shabaha kwa upinde, mlimaji wa mawaridi, mjaladi vitabu, na ebru aliisoma kwa Şeyh Edhem Efendi wa zawiya ya Wauzbeki pale Üsküdar, mtaa wa Istanbul. Maua yake yakaitwa kwa jina lake. Kwa maneno mengine kile kinachouzwa kama "cha kale kabisa" ni kazi ya karne ya 20, ya mtu mmoja aliyekuwa anafanya majaribio kwenye trei. Na sisemi hivyo kuishushia thamani, mimi kwangu inaipandisha, maana inaonyesha sanaa ilikuwa hai, inazaa, hata pale serikali ilipokuwa inaitazama kama kitu cha zamani kilichopitwa. Baada yake akaja Mustafa Düzgünman, aliyekuwa na duka la dawa za miti na viungo Üsküdar hukohuko, akaishika ebru mpaka alipofariki 1990. Kwa miaka mingi sanaa ya dola kubwa ilikuwa inalindwa kwenye duka la viungo!

Na dola mpya haikukaa mikono mitupu, hili lazima lisemwe kwa haki. Mwaka 1936 mafunzo ya sanaa hizi yaliingizwa kwenye Akademi ya Sanaa ya Istanbul, Okyay mwenyewe alifundisha pale mpaka 1948. Lakini angalia jina la idara: sanaa za mapambo za Kituruki. Neno Türk likatangulia. Zamani hakuna aliyeziita hivyo, mtu alikuwa hattat, fundi wa kuandika, au müzehhip, fundi wa dhahabu, alikuwa anahudumia msikiti, ikulu na vitabu. Kuziita "za Kituruki" na "za mapambo" ndiko kulikozipa kibali cha kuishi kwenye jamhuri isiyotaka kusikia habari za usultani wala zawiya. Daktari Süheyl Ünver, tabibu kabisa wa hospitali, alifundisha tezhip na picha ndogo vizazi na vizazi kwa moyo huo, kwamba huu ni urithi wa taifa. Zikaokoka, lakini ziliokoka kwa kukatwa na kazi yake ya mwanzo, zikawa pambo.

Kwa wale wanaozunguka na kanzu nyeupe, dervishi wa Mevlevi, yaani masufi wa tarika ya Rumi, mambo yalikwenda njia hiyohiyo. Zawiya zote zilifungwa kwa sheria mwishoni mwa 1925, na ziliporuhusiwa kuonekana tena Konya miaka ya 1950 ilikuwa kama maonyesho ya utamaduni ya kila Desemba, ya kumkumbuka Rumi. Leo Istanbul unaweza kuwaona wakizunguka huku watu wanakula chakula cha jioni. Anayeijua zikri hahitaji kuelezwa kwa nini hilo linauma.

Halafu gurudumu likageuka. Mwaka 1994 Erdoğan alichaguliwa meya wa Istanbul, na 1996 halmashauri ya jiji ikaanzisha kozi za bure kwa wananchi, İSMEK, ushonaji, kompyuta, lugha, na humo humo hat, ebru na tezhip. Watu waliingia kwa wingi, akina mama wengi sana, wengine ndiyo mara ya kwanza wanatoka nyumbani kwenda kujifunza kitu kwa ajili ya nafsi zao. Sanaa iliyokuwa ya watu wachache Üsküdar ikawa kwenye mitaa yote. Hili ni jambo jema na nalisema bila kusita. Lakini pia likabeba bendera. Kupenda ebru kukaanza kuonekana kama umechagua upande, wewe ni wa Waosmani, yaani wa wale masultani, wewe ni wa chama cha Erdoğan. Na aliye upande wa pili, anayependa sanaa za kisasa, akawa anaiangalia hat kama kampeni. Mwaka 2014 ikaja mjadala wa kufundisha Kiosmani, kile Kituruki cha zamani cha herufi za Kiarabu, mashuleni, Erdoğan ambaye sasa ni rais akasema kitafundishwa watake wasitake, na hoja kubwa ilikuwa watu hawawezi kusoma makaburi ya mababu zao. Hoja ya kaburi mimi inaniingia moyoni, nimeshaeleza barua ya babu. Ila ukishamwambia mtoto "utake usitake" umeshamwonyesha kwamba unamtafuta mpinzani wako kupitia yeye. Mwaka 2018 upande huu wa jadi ukaanzisha na bienale yake, yaani maonyesho makubwa ya kila miaka miwili, ya sanaa za kiasili, Yeditepe, kwenye majengo ya kihistoria ya mtaa wa Fatih, wakati bienale ya Istanbul ya sanaa za kisasa ipo tangu 1987. Mji mmoja, bienale mbili, na watazamaji wengi wa hii hawaijui ile.

Misikiti mikubwa inayojengwa na Uturuki nje nayo inabeba maandishi haya, Djibouti ulifunguliwa 2019, Accra 2021. Kwa hiyo mchoro wa kuba na hati yake umekuwa pia lugha ya ubalozi.

Kisha kuna UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, na orodha yake ya urithi, na hapa ndipo mtu anaona urithi unavyogeuka ligi. Uturuki iliandikisha Karagöz, ule mchezo wa vivuli vya ngozi, 2009, wakati Wagiriki wana Karagiozis wao, jina lilelile, watoto wa Athens wamekua naye. Kahawa ya Kituruki 2013, kahawa ya Waarabu 2015. Ebru 2014, çini 2016. Picha ndogo 2020, hiyo waliandikisha pamoja na Azabajani, Iran na Uzbekistani, na tezhip 2023 pia kwa pamoja. Lakini mfano ambao unaeleza yote ni 2021. Mwaka ule, kikao kilekile, Uturuki iliandikisha hüsn-i hat, ndiyo hat ileile, peke yake, na nchi 16 za Kiarabu zikaandikisha uandishi wa Kiarabu kwa faili lao. Herufi zilezile. Kalamu ileile ya mtete iliyokatwa kwa mshazari. Mnyororo uleule wa walimu, mpaka Hashim wa Baghdad amechukua ijaza Istanbul kwa Hamid. Faili mbili. Orodha ile haikusudiwi kusema nani mwenye mali, inasema tu kwamba jamii fulani inaifanya sanaa fulani, lakini ukisoma vichwa vya habari siku ya pili yake utadhani ni matokeo ya mpira.

Na ukiifuata sana "ya nani" unafika mahali pa aibu. Chukua vigae. Enzi za İznik, mji uliotamba kwa vigae, karne ya 16, mafundi walitengeneza udongo ambao sehemu yake kubwa ni mawe ya quartz yaliyosagwa, na wakapata nyekundu moja ya ajabu, nyekundu ya marijani, ambayo inavimba kidogo chini ya kioo, ukipitisha kidole unaihisi. Msikiti wa Rüstem Paşa kule Istanbul umejaa hiyo nyekundu. İznik ilipokufa karne ya 17, kazi iliendelea mji wa Kütahya, na pale Kütahya mafundi wengi walikuwa Waarmenia. Mmoja wao, David Ohannessian, alihamishwa na familia yake kwenye ile balaa ya Waarmenia kuuawa na kufukuzwa makwao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaishia Syria, na 1919 akafika Jerusalem ambako aliitwa kwa ajili ya vigae vya Kubbat as-Sakhra, lile kuba la dhahabu. Ndiyo chanzo cha vile vyombo vya Kiarmenia vya Jerusalem vinavyopendwa mpaka leo. Kwa hiyo mtu anayenunua sahani Jerusalem anaambiwa ni ya Kiarmenia, anayenunua Kütahya anaambiwa ni ya Kituruki, na tulipu ni ndugu. Çini ni ya Uturuki, ndiyo, lakini ukiitaja bila kutaja mikono ya Waarmenia unakuwa umeibia wafu.

Mazulia nayo yana kidonda chake, ila ni cha rangi. Rangi za viwandani zilianza kutoka Ulaya baada ya 1856, zikafika mpaka vijijini Anatolia, rahisi, haraka, bei chee, na ndani ya vizazi viwili vitatu wafumaji wakasahau namna ya kupata nyekundu kwenye mizizi na bluu kwenye mnili. Mwaka 1981 ukaanzishwa mradi wa DOBAG, chuo kikuu kimoja cha Istanbul na mwalimu Mjerumani wa kemia, Harald Böhmer, aliyechambua nyuzi za mazulia ya zamani akajua zilitiwa rangi na mimea gani, halafu wakarudi vijijini kule Ayvacık kuwafundisha akina mama kitu ambacho bibi zao walikuwa wanakijua. Mji wa Gaziantep kwa upande mwingine unatema mazulia ya mashine kwenda dunia nzima, hata hayo ya mswala na ya sebuleni mnayoyaona Kariakoo na Eastleigh mengi yanatoka huko. Sina ugomvi na zulia la mashine. Nina ugomvi na linapowekewa bei na hadithi ya bibi wa kijijini.

Soko lenyewe, Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale lenye paa la Istanbul, lina maelfu ya maduka, na muuzaji wa pale si mwizi, naomba hilo lieleweke. Ana kodi kubwa, ana mtalii mwenye nusu saa na nafasi ndogo kwenye sanduku, na mtalii huyo anataka kitu cha bluu chenye tulipu kwa bei ya chakula cha mchana. Sahani ya udongo wa quartz iliyochorwa kwa mkono inachukua siku nyingi na inaweza kupasuka tanurini baada ya siku hizo zote. Stika inachukua dakika. Ukiwaweka rafu moja bila kuandika ipi ni ipi, yule wa siku nyingi anafunga duka. Video za ebru nazo, mnaziona, zile za rangi kufunguka kwenye maji watu wanasema zinatuliza akili, zimeleta wanafunzi wengi, na zimeleta pia kozi za saa moja ambapo mgeni anavuta ua lake moja anaondoka nalo limekunjwa. Kama ni kuonja, sawa. Tatizo linaanza pale anayefundisha naye alijifunza kwa saa moja.

Ndiyo maana mimi ukiniuliza cha kulinda ni nini nitakwambia ni muda wa kujifunza, zaidi ya sahani, zaidi ya faili la UNESCO. Hat kwa desturi haifundishwi kwa ada. Mwalimu hachukui pesa, kwa sababu yeye pia hakutozwa, na mwanafunzi anakaa miaka mitatu, mitano, hata zaidi ndipo anapewa ijaza, na kabla ya ijaza haruhusiwi kusaini kazi. Na ukishaipata jina lako linaungwa kwenye ule mnyororo, haijalishi umezaliwa wapi. Mohamed Zakariya, Mmarekani, aliyewahi kuwa fundi wa mitambo kabla ya hapo, alipata ijaza yake kwa Hasan Çelebi, mwanafunzi wa Hamid Aytaç, mwaka 1988. Stempu ya posta ya Marekani ya Eid iliyotoka 2001 ni mkono wake. Hakuna kifungu kwenye ule mnyororo kinachouliza pasipoti.

Na somo la kwanza si alifu. Somo la kwanza ni dua, na aliyepita chuoni pwani ataijua bila kutafsiriwa: Rabbi yassir wala tuassir, Rabbi tammim bilkheir. Mwanafunzi anaiandika kwa kalamu ya mtete na wino wa masizi, kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai na shabu kisha ikasuguliwa kwa akiki mpaka inateleza. Anampelekea mwalimu. Mwalimu anachukua wino mwekundu, chini ya kila herufi iliyokosewa anaandika ilivyotakiwa kuwa, hasemi mengi, anaweka nukta kuonyesha urefu. Mwanafunzi anarudi nyumbani anaandika ileile. Wiki inayofuata ileile. Wengine wanakaa na mstari huo mmoja miezi, ndipo wanaruhusiwa kwenda kwenye herufi.

Juzi dada kanipigia anasafiri tena, ananiuliza aniletee nini. Nikamwambia akipita maduka ya makaratasi aniulizie kama kuna mwalimu anayeuza au kutoa karatasi za mazoezi za wanafunzi, zile zenye wino mwekundu chini.

Akasema, "Zenye makosa?"

Nikamwambia ndiyo, zenye makosa.